Risasi Tele, Mvuto Haba: Majibu kwa Watazamaji wa Tamthilia za BL

Barua nyingi zilizofika katika ukumbi huu mwezi huu zinahusu tamthilia za BL, yaani zile zinazosimulia mapenzi baina ya vijana wawili wa kiume, na hasa zile zilizojaa magenge, upelelezi na mapigano. Wapo wasomaji walioandika kwamba tamthilia hizo hazistahili kujadiliwa hapa. Ninawaheshimu, na ninawajibu kwamba ukurasa huu unahusu ufundi wa kusimulia na kuigiza, na kwamba ufundi huo tunaupima popote watazamaji wetu wanapoukuta. Sasa tuziendee barua.

*Shikamoo Bi Mhariri. Mimi na binamu yangu tumemaliza kutazama tamthilia moja ya Kithai ambayo kila sehemu yake ina bastola na magari yanayofukuzana. Waigizaji wakuu wawili ni wazuri wa sura, na wanapigana vizuri mno, lakini walipokumbatiana mwishoni sikusikia chochote moyoni. KinnPorsche ina mapigano vilevile, na ile ilininyima usingizi. Je, kasoro iko kwangu au kwenye tamthilia?*
*– Msomaji wa Tudor*

Marahaba, mwanangu. Kasoro haiko kwako. Mtazamaji anayekesha kwa ajili ya tamthilia moja na kupiga miayo mbele ya nyingine ya aina ileile ameona jambo, hata kama hajapata maneno ya kulieleza, na ninadhani ninalijua jambo uliloliona.

Wawili huivana kwenye skrini pale tu kila mmoja wao anapokuwa mtu kamili kabla hajakutana na mwenzake. Awe na deni, awe na ndugu anayemtegemea, awe na jeraha la zamani analolificha, awe na kitu ambacho hayuko tayari kukipoteza. Tamthilia nyingi za mapigano huruka hatua hiyo kwa sababu muda ni mchache na mapigano ni ghali kupiga picha, kwa hiyo waandishi hutuletea vijana wawili hodari wasio na kwao, wasio na wazazi, wasio na hofu, kisha wakatutaka tuamini kwamba wanapendana kwa sababu wameokoana mara kadhaa. Kuokoana peke yake hakutoshi. Mlinzi yeyote anayelipwa mshahara humwokoa tajiri wake.

Itazame tena KinnPorsche kwa jicho hilo. Tamthilia hiyo ilitoka mwaka 2022, ina sehemu 14, ilitengenezwa na kampuni ya Be On Cloud, na waigizaji wake wakuu ni Mile Phakphum na Apo Nattawin. Siku Porsche anapokutana na Kinn, yeye ni mhudumu wa baa, na Kinn ni kijana wa ukoo wa majambazi anayekimbia watu wanaotaka kumwua. Porsche hamwokoi kwa wema. Anataka alipwe kwanza, na wanapatana bei huku hatari ikiwa imewafikia. Katika dakika hizo chache tumekwisha kumjua: ni kijana anayejua kupigana, anayejua thamani ya fedha, na asiyebabaishwa na mtu mwenye suti. Baadaye tunamjua mdogo wake anayemsomesha, na tunajua kwamba nyumba yao imo hatarini kwa madeni ya ami yao. Ndiyo maana, anapokubali hatimaye kazi ya ulinzi ambayo mwanzoni aliikataa, uamuzi wenyewe unatuuma. Upande wa pili yupo Kinn, ambaye aliwahi kusalitiwa na mtu aliyempenda, na ambaye amejifunza kutoa amri kwa sababu amri ni salama kuliko ombi. Kwa hiyo kabla hawajagusana, mwandishi ametuwekea mtu mmoja asiyetaka kununuliwa na mwingine asiyejua kuomba. Hapo ndipo mvuto unapoanzia.

Kisha mapigano yanaingia na kuifanya kazi yake. Ukumbuke pale wawili hao wanapojikuta msituni wakiwa wamefungwa pingu moja. Kinn hana walinzi, hana gari, hana jina la babake la kumkinga, na kila hatua anayopiga inabidi akubaliane na mtu ambaye yeye Kinn amezoea kumwamuru. Ni mkasa wa hatari, lakini hatari hiyo ilichaguliwa makusudi ili imvue Kinn kile hasa anachokitegemea. Sasa linganisha na tamthilia uliyomaliza. Jiulize kama mojawapo ya mapigano yake lingeondolewa, je, yupo mhusika ambaye tungemjua pungufu? Ninahisi jibu lako litakuwa hapana.

Wale waliowahi kuiona ngoma ya kirumbizi kule Lamu wakati wa Maulidi watanielewa upesi. Wachezaji wawili wana fimbo mikononi, wanatishiana, wanapiga na kukinga, na wazee wanaotazama hawaangalii nani kapiga kwa nguvu. Wanaangalia namna kila mmoja anavyomsoma mwenzake, anavyongoja, anavyomwachia nafasi au kumnyima. Mwongozaji mzuri wa tamthilia ya mapigano huelekeza kamera yake kwenye kusomana huko. Mwongozaji mvivu huielekeza kwenye ngumi.

Sitaki kukuacha ukidhani kwamba KinnPorsche haina dosari. Ule usiku ambao Kinn analala na Porsche akiwa amelevywa dawa ulilalamikiwa na watazamaji wengi, nami niko pamoja nao, kwa maana mtu aliyelevywa hana ridhaa ya kutoa. Ninachokubali ni kwamba tamthilia haikulipita jambo hilo kana kwamba ni mapenzi ya kawaida. Porsche anaumia, anajitenga, na Kinn analazimika kubeba aibu ya alichokitenda. Tamthilia dhaifu zaidi hutumia matukio kama hayo kuwa njia ya mkato ya kuwakutanisha wawili, halafu asubuhi yake kila mtu anatabasamu.

*Bi Mhariri, mimi ni kijana wa Likoni na ninaandika hadithi ya sehemu kwa sehemu ninayowatumia rafiki zangu kwenye simu. Inamhusu afisa wa forodha hapa bandarini na kijana anayevusha bidhaa za magendo kwa mashua usiku hadi Mtongwe. Rafiki zangu wanasifu mapigano ya kwenye maghala, lakini wanasema wahusika wangu wakuu ni kama vibao visivyo na roho, na mapenzi yao hayaaminiki. Nifanye nini bila kuipunguza kasi ya hadithi?*
*– Mwandishi Chipukizi*

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo hata kampuni kubwa hushindwa kulijibu, nami nitalijibu kwa urefu kwa sababu barua yako inaonyesha kwamba unaijua bandari vizuri kuliko unavyowajua watu wako.

Kwanza, iache kazi ya kila mhusika imwumbe. Katika Manner of Death, tamthilia ya Kithai iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2020, Bun ni daktari anayechunguza maiti. Rafiki yake wa kike anakutwa amekufa, mambo yanaonekana kama amejiua, lakini jicho la daktari linaona kwamba ameuawa. Kisha mtu aliyejificha uso anamvamia na kumtisha ili aandike kwamba ni kujiua. Tazama ujanja wa mwandishi: kitisho hakimwambii Bun akimbie, kinamwambia asaini uongo katika kazi yake mwenyewe. Kijana Tan anapoingia, naye akiwa miongoni mwa wanaoshukiwa, kila hatua ya mapenzi inakuwa pia hatua ya uchunguzi. Bun akimwamini Tan, huenda anamwamini muuaji. Hapo kasi haikupungua hata kidogo, na kina kimeongezeka, kwa sababu swali la upelelezi na swali la moyo ni swali moja.

Afisa wako wa forodha anafanya nini mbali na kukimbiza mashua? Ana karatasi za kusaini. Ana mkubwa wake anayemtaka afumbe macho kwa kontena fulani. Mpe saini moja aliyowahi kuiweka asiyoweza kuifuta, na umfanye kijana wa magendo awe ndiye pekee anayeijua. Sasa wanapokutana gizani hawahitaji hata kupigana ili sisi tushike roho.

Pili, mpe kila mmoja sababu ya haki ya kutomwamini mwenzake. Katika History3: Trapped, tamthilia ya Taiwan ya mwaka 2019, askari Meng Shaofei amemwandama kiongozi wa genge Tang Yi kwa miaka 4 akitaka ukweli kuhusu ufyatulianaji wa risasi uliomwua askari mkubwa wake, na risasi hizohizo zilimwua mtu aliyemlea Tang Yi. Wote wawili wana msiba mmoja, na kila mmoja anauona kutoka upande wake. Askari anayemfuata jambazi kila mahali kwa miaka yote hiyo anamjua kuliko jamaa zake wanavyomjua, na ujuzi huo ndio unaogeuka pole pole kuwa kitu kingine. Hakuna aliyelazimika kutuhutubia kuhusu mapenzi.

Tatu, na hili ndilo ninaloliona likikosekana zaidi katika sehemu ulizonitumia, wape wahusika wako nafasi baada ya pigano. Wewe unamaliza pambano la ghalani na papo hapo unatupeleka kwenye mashua, kisha kwenye pambano jingine. Mtu aliyepigwa hutetemeka mikono. Hukasirika bila sababu. Husema jambo ambalo asingelisema akiwa mzima. Nusu ukurasa tu ya wawili hao wakiwa wamejibanza nyuma ya makontena, mmoja akijaribu kufunga kidonda cha mwenzake kwa shati lenye mafuta ya mashine na akishindwa kufunga fundo kwa sababu vidole vimekufa ganzi, ingefanya kazi ambayo kurasa zako nyingi za ngumi hazijaifanya. Usimfanye afunge kidonda kwa ustadi kama muuguzi. Kushindwa kwake ndiko kutakakotuonyesha anavyojali.

Jambo la mwisho kwako: mpe mmoja wao uongo wa kubeba. Katika Not Me, iliyoanza mwezi Desemba mwaka 2021, White anaingia katika genge la pacha wake Black, aliyepigwa hadi akapoteza fahamu, akijifanya kuwa ndiye Black ili amjue msaliti. Black na Sean, mwenzake wa genge hilo, hawakuwa wakiivana. Kwa hiyo kila mara White anapomtendea Sean wema, anajihatarisha kugunduliwa, na kila mara Sean anapoanza kumpenda, anampenda mtu ambaye hamjui jina lake. Mwigizaji Gun Atthaphan anawaigiza pacha wote wawili, na ukimtazama kwa makini utaona kwamba tofauti kati yao ameiweka katika macho na katika namna ya kusimama, kwa kuwa sura ni moja. Tamthilia hiyo inapatikana bila malipo katika ukurasa wa GMMTV, kampuni iliyoitengeneza, kwenye YouTube, kila sehemu ikiwa imegawanywa vipande vinne, kwa hiyo hata mwenye bando dogo anaweza kuitazama kidogo kidogo.

*Bi Mhariri, dada yangu na mimi tunabishana. Yeye anasema mvuto wa kweli hupatikana tu kwa waigizaji waliokwisha kuigiza pamoja mara nyingi, au wanaopendana kweli nje ya kamera. Mimi ninapinga. Tuamulie.*
*– Wawili wa Bamburi*

Nyote mna sehemu ya haki katika jambo la kwanza, na katika jambo la pili dada yako amekosea.

Ni kweli kwamba mazoea husaidia. Off Jumpol na Gun Atthaphan walikuwa wameigiza pamoja tangu Puppy Honey ya mwaka 2016, wakarudi katika Theory of Love mwaka 2019, na walipofika Not Me walikuwa wanajuana kiasi cha kuweza kuigiza kutoaminiana bila kuigiza kupita kiasi. Max Nattapol na Tul Pakorn nao walikuwa wamefuatana tangu Bad Romance ya mwaka 2016 kabla ya kufika Manner of Death. Waigizaji waliozoeana hawaogopi kimya. Wanaweza kutazamana bila kukimbilia mstari unaofuata. Katika mapigano faida ni kubwa zaidi, maana mtu anayemwamini mwenzake hujiachia anaposukumwa ukutani, na kamera huiona tofauti.

Hata hivyo Mile na Apo walikuwa hawajawahi kuongoza tamthilia pamoja kabla ya KinnPorsche, na hakuna aliyelalamika kwamba hawaivani. Waigizaji wa Thailand hupitia mazoezi ya pamoja kabla ya kupiga picha, wakajifunza kugusana, kutazamana na kuvumiliana, na mazoezi hayo yakiwa ya dhati yanaweza kuziba pengo la miaka.

Kuhusu mapenzi ya nje ya kamera, ninawasihi muwaache waigizaji wapumzike. Kampuni za kule huwauza wawili wawili, katika matangazo ya biashara na mikutano ya mashabiki, na mashabiki wakishaamini kwamba wanachokiona ni ndoa, mwigizaji hana tena ruhusa ya kuwa na mchumba wake wala siku yake ya faragha. Tukisema kwamba wanapendana kweli ndiyo maana wameigiza vizuri, tunawanyang'anya sifa ya kazi yao. Apo alipoigiza hasira ya Porsche, alikuwa kazini.

*Bi Mhariri, binti yangu ana miaka 15 na amesikia habari za KinnPorsche shuleni. Je, inafaa?*
*– Mama wa Kongowea*

Haifai, dada yangu. Ina matukio ya faragha yaliyoonyeshwa waziwazi, na ina mateso ya kufungwa minyororo yanayomsumbua hata mtu mzima. Ingoje afikishe miaka 18.

*Bi Mhariri, kwa kuwa umetaja mateso: mimi naona Vegas na Pete wa KinnPorsche wana mvuto kuwashinda wahusika wakuu, ingawa Vegas ni mtesaji. Nina haya kulisema. Kwa nini inakuwa hivyo?*
*– Msomaji wa Changamwe*

Usione haya. Wahusika wa pembeni mara nyingi hupewa uhuru ambao wakuu hawapewi, kwa sababu hadithi haiwategemei wapendeze. Vegas, anayeigizwa na Bible Wichapas, ni mtoto wa tawi dogo la ukoo, na babake humdhalilisha mbele ya watu. Pete, anayeigizwa na Build Jakapan, ni mlinzi mcheshi anayefanya kazi upande wa Kinn. Vegas anamkamata na kumtesa, na mambo yangeweza kubaki hapo. Lakini kalunguyeye anayefugwa na Vegas anakufa, naye analia kama mtoto, na Pete aliyefungwa minyororo anamwona akilia. Mateka ameona kitu ambacho jamaa za Vegas hawajakiona. Kuanzia hapo nguvu kati yao zinaanza kuhama.

Ninachokuonya ni kutochanganya mvuto wa kuigizwa na mapenzi ya kutamaniwa. Uhusiano huo ungekuwa maangamizi nyumbani kwa mtu yeyote. Kwenye tamthilia unatushika kwa sababu waandishi walimpa mtesaji maumivu yake mwenyewe bila kuyafanya kuwa udhuru, na wakampa aliyeteswa akili na uamuzi wake, hata katika chumba alimofungwa.

*Bi Mhariri, The Untamed haina busu wala neno la mapenzi, na bado ndiyo niipendayo kuliko zote. Inawezekanaje? Halafu, rafiki yangu hajawahi kutazama tamthilia yoyote ya aina hii na anapenda filamu za mapigano. Aanze na ipi?*
*– Msomaji wa Majengo*

The Untamed ni ya China, ya mwaka 2019, na ina sehemu 50. Riwaya iliyoizaa ni ya mapenzi waziwazi, lakini sheria za utangazaji za China hazikuruhusu mapenzi hayo yaonyeshwe, kwa hiyo waandishi wakayahamishia kwenye mambo mengine: nani anasimama upande wa nani, nani anaamini neno la nani dunia nzima inapomkana. Wei Wuxian, mmoja wa wahusika wakuu wawili, anarudi baada ya miaka 16 watu wote wakimjua kuwa amekufa. Amefunika uso kwa kinyago, anapiga filimbi huku akirudi kinyumenyume, na wimbo unaomjia ni ule ambao ni watu wawili tu wanaoujua. Anagonga mgongo kwa mtu aliye nyuma yake, na Lan Wangji, yule mhusika mkuu wa pili, anamshika kifundo cha mkono. Wang Yibo, anayemwigiza Lan Wangji, hasemi neno. Uso wake haubadiliki ila kwa kiasi kidogo sana, lakini vidole havimwachii. Kwa sababu tumeambiwa kwamba mtu huyu hapendi kuguswa na haoni haja ya maneno, mshiko ule una uzito kuliko busu la mhusika ambaye hatumjui.

Nisingependa lakini mtu achukue mfano huo na kusema kwamba marufuku huleta sanaa bora. Mwezi Septemba mwaka 2021 mamlaka ya utangazaji ya China ilitoa maagizo makali zaidi, na tamthilia nyingi za riwaya za aina hii zilizokwisha kupigwa picha zikabaki kabatini. Waigizaji na mafundi wake walifanya kazi ambayo watazamaji hawakuiona. The Untamed ilifaulu kwa akili za waliotengeneza, wakiwa wamefungwa mikono.

Rafiki yako asianze nayo, kwa maana sehemu zake za mwanzo zina majina mengi na zinamchanganya mgeni. Mpe Manner of Death. Ina maiti katika sehemu ya kwanza, ina siri ya kufuatilia, na mapenzi yake yanakuja kwa mwendo ambao mpenda upelelezi hataukataa. Akiipenda, mpe Not Me, kisha Trapped. KinnPorsche mwekee ya mwisho, na umweleze mapema kuhusu ule usiku niliomtajia msomaji wa Tudor, ili asikutane nao bila kutarajia.